Vijiko Vitatu vya Asali

Shangazi aliponusa chuma cha kuokea hostia Jumatatu asubuhi, kitu cha kwanza alichotaka kukikamata ni fimbo, na cha pili ni Mungu. Fimbo hakuiona. Mungu naye, kama kawaida yake, hakuonekana.

Akainama tena, kiuno kikamlilia, akanusa. Chuma chenyewe ni bapa mbili nzito zinazofungana kama kitabu, zinapata moto kwa umeme, na ndani zimechorwa misalaba midogomidogo. Unamimina rojo, unafunga, unasali Baba Yetu mbili za haraka, unafungua, unatoa karatasi ya mkate nyeupe, nyembamba kama ganda la kitunguu, ambayo ikikatwa ndiyo hostia za komunyo. Rojo lenyewe ni unga wa ngano na maji. Basi. Hakuna chumvi, hakuna hamira, hakuna mafuta, hakuna sukari. Mtu akimuuliza mbona hostia hazina ladha, Shangazi alikuwa anamjibu, "Kwani umekuja mgahawani?"

Sasa kwenye kona ya bapa la chini palikuwa na kitu cheusi kinang'aa. Akakikwangua kwa ukucha. Kikavutika kama utomvu. Akakitia ulimini.

Asali. Asali iliyoungua.

"Ooo," akasema peke yake mle chumbani. "Kumbe."

Hiyo kumbe ilikuwa nzito kuliko chuma chenyewe, na kuielewa lazima urudi nyuma kidogo.

Shangazi alikuwa anaoka hostia za parokia miaka thelathini na moja. Watu walishasahau jina lake, wanamwita Mama Hostia. Alipoanza kazi alikuwa msichana, na mapenzi ya Mungu yalimshika kama homa inavyoshika mtu. Alikuwa anakoroga rojo machozi yanamtoka. Alikuwa anafagia ua anacheka mwenyewe, mpaka mama yake akamuuliza, "Huyo kijana ni wa nyumba gani?" Akasali akiwa anafua, akasali akiwa anakula, akilala anasikia kama kuna mtu amekaa pembeni ya kitanda anamwangalia tu, na yeye hana hata haja ya kufumbua macho.

Halafu asubuhi moja, mwaka huohuo wa kwanza, ikakatika. Kama bomba. Hakuwa amekosana naye. Dhambi kubwa hakuwa nayo, na zile ndogo zilikuwa zilezile za siku zote. Akasubiri wiki. Akasubiri mwezi. Akaendelea kuoka huku anasubiri, mvi zikamkuta hapohapo kwenye chuma, anasubiri. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani? Ungesema nini, kwamba mpishi wa mkate wa Mungu hajawahi kuonja kitu tangu usichana wake? Muuza maji anakufa kwa kiu, na ndoo iko kichwani.

Sasa Jumapili, yaani jana yake, alikuwa ametoka kulala chali tangu Jumatano kwa sababu ya kiuno. Akajikokota mpaka kanisani na fimbo ya ufagio. Akapanga foleni ya komunyo, akatoa ulimi, akafumba macho. Na ikawa tamu.

Siyo tamu sana. Tamu kidogo tu, kwa mbali, kama mtu anayekuita ukiwa chumba cha pili. Shangazi akasimama palepale njiani, watu wakamzunguka. Machozi yakaja bila hodi. Mama Kwaya, yule mwalimu wa kwaya mwenye sauti kama king'ora, ndiye aliyemshika mkono akamkalisha. Na Shangazi akamwambia Mungu kimoyomoyo, "Umechelewa sana wewe, lakini karibu."

Jumapili nzima alikuwa mtu mwingine. Alimsamehe hata jirani anayemwaga maji machafu mlangoni kwake.

Na leo, asali.

Kilichomchoma kuliko vyote ni ulimi wake. Mtu wa kazi, miaka thelathini na moja, akishika karatasi ya hostia tu anajua unga ni wa duka gani! Jana ulimi huohuo umelambishwa asali ukasema ni Mungu. Kwa sababu ulitaka. Ulimi unaotaka ni kama mgonjwa anayeota anakula.

Mlango ukasukumwa, Kimya akaingia na ndoo ya maji.

Kimya ni mtoto wa kaka yake Shangazi. Kaka alipofariki, Shangazi akamchukua akiwa na miaka tisa, sasa ana kumi na nane, amemaliza shule, na maneno yake ya tangu azaliwe ungeyatia kwenye kikombe na kikombe kisijae. Ndiyo maana akaitwa hivyo. Yeye ndiye aliyeoka peke yake wiki iliyopita, Shangazi akiwa kitandani. Na watu walimsifu huyo binti! Anakaa kanisani kila jioni masaa mawili, uso unang'aa. "Huyo ameguswa," walikuwa wanasema. Shangazi alikuwa akisikia hivyo anameza mate machungu. Mungu amguse yeye. Mimi niliyemlea, nikae na unga.

"Weka ndoo chini," Shangazi akasema.

Akaiweka.

"Hiki nini?" Akamwonyesha ukucha.

Kimya akaangalia ukucha, akaangalia sakafu.

"Nakuuliza wewe, siyo hiyo sakafu. Sakafu haijui kupika."

"Asali, Shangazi."

"Asali gani?"

"Ya kabatini. Ile yako ya kifua."

"Umeitia wapi?"

"Kwenye rojo. Vijiko vitatu."

"Mtoto wee! Una wazimu? Umechanganya dawa yangu ya kikohozi na mwili wa Bwana? Unajua zile hostia hazifai, sheria ni unga na maji tu? Unajua parokia nzima jana imekula keki?" Sauti ilipanda mpaka njiwa wa kwenye paa wakaruka. "Kwa nini? Nijibu. Kwa nini?"

Kimya akafungua mdomo. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti, na hilo likamkera Shangazi zaidi, maana hata kulia analia kimyakimya, huna pa kushika.

"Nenda nyumbani," akamwambia. "Niondokee hapa kwanza, maana sijui nitakufanyaje."

* * *

Paroko alikuwa ofisini anapigana na stepla. Kijana mdogo, mwaka wake wa pili pale, mzuri tu, ila ana tabia ya kutikisa kichwa kukubali kabla hujamaliza kusema.

Shangazi akamweleza akiwa amesimama. Alipofika kwenye vijiko vitatu, stepla ikawekwa mezani.

"Nilidhani zimeungua kidogo," Paroko akasema. "Nikasema mama ni mgonjwa, binti bado anajifunza. Mimi mwenyewe nilitumia ile hostia kubwa ya padri, ya kuoka zamani, sikuonja kitu." Akashika kichwa. "Mama Hostia, unajua hili ni jambo gani?"

"Najua tangu wewe hujazaliwa."

"Maboksi mengine yako wapi?"

"Moja kanisa dogo la hospitali. Moja kule mlimani."

"Yarudi yote leo. Nitamwandikia askofu. Na Mama, samahani, lakini yule binti asikanyage tena chumba cha hostia. Asiguse hata ndoo."

"Hilo hukuhitaji hata kulisema," Shangazi akajibu, na siku hiyo asubuhi alimaanisha. Lakini hakuondoka. Miguu ilikataa. "Padri. Na mimi?"

"Wewe umefanya nini?"

"Jana nililia."

"Nilikuona." Sauti ya Paroko ikalainika, akatikisa kichwa. "Sasa, Mama, hatuwezi kujua. Labda Mungu ametumia hiyo asali ku..."

"Usinipe hiyo!" Kofi la Shangazi likatua mezani, karatasi zikaruka. "Usinipe hiyo, Padri, mimi ndiye mpishi! Mungu hakutumia kitu. Mtoto ndiye katumia, tena bila kuniomba. Miaka thelathini na moja nimekaa mlangoni kwake nabisha hodi. Hajaniambia hata subiri. Hata mbwa anabweka ukibisha, unajua kuna watu. Yeye hata mbwa hana! Halafu siku ninayosikia mlango umefunguka, kumbe ni upepo. Na wewe unataka nishukuru upepo?"

Paroko akainama kuokota karatasi.

"Nikimaliza kurudisha hayo maboksi," Shangazi akasema taratibu, "nakuletea na funguo. Nimechoka. Mungu atafute mpishi mwingine wa kumnyamazia."

"Hasira hasara, Mama. Tafadhali. Jumatano ndiyo siku ya kuoka. Nipe mpaka Jumatano. Ukiingia mwenyewe, bila yule binti, kazi ni yako mpaka ufe. Usipoingia, nitaelewa."

"Hasira hasara ni kwa mwenye cha kupoteza," Shangazi akasema, akatoka.

Mlimani alipanda kwa miguu, kila hatua kiuno kinamtukana. Hospitalini mlinzi akamwambia boksi halijafunguliwa, Shangazi akamshukuru Mungu kabla hajakumbuka kwamba amekasirika naye. Akiwa barabarani, maboksi mawili kwapani, akakutana na Mama Kwaya.

"Mama Hostia! Mpenzi wa Bwana! Jumapili unatoa ushuhuda, nimeshawaambia watu wote. Jana ulivyolia vile, mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Wengine pia wanasema walisikia utamu!"

"Walisikia asali."

"Ndiyooo! Asali ya mbinguni!"

"Asali ya nyuki, Mama Kwaya. Ile ya kikohozi. Ina kifuniko cha njano, inauzwa dukani pale kwenye kona. Nenda kanunue, utoe ushuhuda wewe."

Akamwacha amesimama mdomo wazi, kama ameshika noti ya juu ikamkwama.

* * *

Nyumbani ni vyumba viwili, na ukuta wa katikati ni wa mbao. Shangazi aliingia saa tisa alasiri, akakuta begi la Kimya limefungwa zipu, limesimama mlangoni kama mgeni asiyejua akae wapi. Kimya mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Hujui! Umemaliza kuharibu, sasa unakwenda kwa bwana Sijui. Utalala wapi huko? Atakupikia nini?" Shangazi akatupa maboksi kitandani. "Padri amesema usikanyage tena kule. Na mimi nimemkubalia."

"Sawa, Shangazi."

"Usiniambie sawa! Nimechoka na sawa yako. Miaka tisa sawa, sawa. Leo utasema. Nimetembea mpaka mlimani na kiuno hiki, nina haki ya kujua. Wewe Mungu anakutembelea kila jioni, uso unang'aa kama taa, hukutosheka? Ukaona umchezee na yule asiyetembelewa?"

Kimya akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwangalia machoni.

"Uso ni mafuta, Shangazi."

"Nini?"

"Ni mafuta ya mgando. Ngozi yangu ni kavu, napaka mengi." Akajifuta pua kwa mkono. "Mimi sisikii kitu. Tangu mwaka jana. Nakaa pale nasikia njaa, nasikia mbu, basi."

Shangazi akakaa. Hakupanga kukaa, kitanda ndicho kilichomkuta.

"Sasa masaa mawili unafanya nini kule?"

"Namsubiri. Si kama wewe tu?"

"Nani kakwambia mimi namsubiri?"

Kimya akagonga ukuta kwa kidole. Ko, ko. Ukalia kama ngoma.

"Ni mbao, Shangazi. Jumanne ile usiku kiuno kilipokubana. Ulidhani nimelala. Ulikuwa unamwambia, hata mara moja tu. Ukasema, kabla sijafa, hata tone. Ukasema, kama umenichukia niambie, nijue." Sasa alikuwa anaongea kwa kasi, kama mtu anayeogopa maneno yatamwishia. "Nikasikiliza nione kama atakujibu. Nikasubiri sana. Hakusema kitu. Ukalala unalia. Mimi nikaona... nikaona aibu. Nikaona hii haiwezekani, mtu aombe hivyo akose hata wa kumwambia nimesikia. Asubuhi nikachukua ile chupa. Nilijua ni kosa. Nilitaka upate tu. Ningeziacha zile za watu wengine lakini sikujua ipi itakufikia wewe, ndiyo nikatia kwenye ndoo nzima."

Nje mtu alikuwa anapiga misumari. Shangazi akasikiliza ile nyundo mpaka ikanyamaza.

"Kwa nini hukuniambia tu? Ungenipa kijiko, nikalamba."

"Ningekupa, ungelia?"

Shangazi akaangalia lile begi mlangoni. Alijua. Angekilamba, angesema asante, angefunga kifuniko. Huyu mtoto amemchemshia maji ya kuoga kila siku ya kiuno. Amemkanda mgongo. Amemvisha soksi. Na yeye aligeuza uso ukutani kumwomba Mungu mtu wa kumsikia, na mtu yuko nyuma ya mbao, macho wazi gizani, anamsikia mpaka neno la mwisho.

Hapo ndipo hasira yenyewe ilipokuja. Zile za asubuhi zilikuwa watoto wake. Akasimama, akatoka uani, akasimama katikati ya shuka zilizoanikwa, akaangalia juu.

"Kumbe ndivyo unavyofanya!" akasema, wala hakuteremsha sauti. "Nakungoja mlango wa mbele miaka thelathini na moja, nimeoga, nimevaa, wewe unapita mlango wa uani kama mwizi wa kuku! Unamtuma mtoto. Unamfanya akosee, apoteze kazi, alie siku nzima, wewe umekaa tu! Huna mdomo? Na kama siyo wewe, niambie siyo wewe, nikae nijue. Unaona? Hata hilo husemi! Asubuhi nilikuwa nimeshaachana na wewe. Nilikuwa nimemaliza! Sasa umenichanganya tena. Siwezi kusema ni wewe, siwezi kusema siyo wewe. Mtu mzima unafanya mchezo wa kujificha!"

Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaona ni nani, akarudisha kichwa haraka.

"Shangazi," Kimya akaita kutoka mlangoni, macho yamemtoka. "Unamtukana Mungu?"

"Namsema. Anayetukanwa ni yule usiyemtaka tena." Akaanua shuka moja kwa nguvu mpaka kibanio kikaruka. "Na wewe vua viatu. Nani amekwambia unakwenda mahali? Utakwenda nitakapomaliza kukugombeza, na bado sijaanza."

* * *

Jumatano saa mbili asubuhi Paroko alipita karibu na chumba cha hostia. Alikuwa anataka kuona tu kama mlango uko wazi. Ulikuwa wazi. Akasikia sauti ya Shangazi.

"Unakoroga kwa mkono mmoja huo, unaona? Mabonge. Unataka watu watafune? Anza upya."

Paroko akasimama kizingitini. Shangazi alikuwa kwenye chuma, ambacho siku nzima ya jana kilisuguliwa mpaka kikawa cheupe. Kimya alikuwa kwenye ndoo, aproni mpaka miguuni, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mama Hostia," Paroko akasema. "Tulikubaliana."

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilikuwa na hasira."

"Na sasa?"

"Bado ninayo, tena zaidi. Lakini imehama, haiko kwa huyu." Akafuta mikono kwenye aproni, akamkabili. Funguo zilikuwa mfukoni, na alijua kabisa kwamba akizitoa, maisha yake yote yanatoka nazo. Akazitoa. Akaziweka mezani, katikati yao. "Amekosa, na anajua. Amepima unga mbele yangu, chupa ya asali nimeihamishia kwa jirani. Mwandikie askofu uliyotaka kuandika, andika na jina langu juu. Ila nakwambia, ukimtoa huyu, umetutoa wawili. Chukua funguo. Jumapili uwagawie watu biskuti."

Paroko akaangalia funguo. Akaanza kutikisa kichwa, akajizuia.

"Mama, wewe siku ile ulisema umechoka na Mungu."

"Nimechoka naye sana. Leo nimeamka, nimesali, sijasikia kitu. Jana vilevile. Lakini siwezi tena kumwambia hakuna aliyenisikia, hilo amenipokonya, na ndilo nililokuwa nalishikilia. Kwa hiyo tutagombana hivihivi mpaka tukutane uso kwa uso, na siku hiyo aniombe msamaha kwanza. Unachukua funguo au huchukui? Chuma kimepata moto."

Halafu aliyesema akawa yule ambaye hakuna aliyemtegemea.

"Ni unga na maji tu, Padri," Kimya akasema, sauti inatetemeka lakini inasikika. Akainua ndoo kwa mikono miwili, akamsogezea. "Onja."

Paroko akatumbukiza kidole, akakitia mdomoni. Akangoja. Wote wawili wakamwangalia.

"Haina kitu," akasema.

"Eeh," Shangazi akamjibu, akageukia chuma chake. "Ndivyo ilivyo. Sasa ingia au toka, na mlango ufunge, upepo unanipozea bapa."

Paroko akaingia, akafunga mlango.